Ganzi imepiga hatua, lakini maumivu yanamsubiri mgonjwa wodini

Ndani ya chumba cha upasuaji mgonjwa ana mtu ambaye kazi yake yote kwa saa hizo ni yeye peke yake. Mtaalamu wa usingizi anafuatilia mapigo ya moyo, presha, oksijeni na hewa anayotoa mgonjwa, na kitu kikienda kombo anakijua papo hapo. Upasuaji ukiisha, mgonjwa anasukumwa hadi wodini. Huko muuguzi mmoja ana vitanda vingi, na dawa ya maumivu hutolewa ratiba ikifika, au mgonjwa akilalamika, au akilalamika kwa mara ya pili. Nimekuwa nikifuatilia tafiti za fani hii, na kila nikizisoma naona jambo lilelile: sehemu kubwa ya kazi iliyobaki iko upande wa pili wa ule mlango, wakati fedha na vichwa vya habari vinaendelea kubaki upande huu.

Chukua habari iliyovuma kuliko zote. Tarehe 30 Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha suzetrijini, kidonge cha kutuliza maumivu ya ghafla, ya wastani hadi makali, kwa watu wazima. Hakimo katika jamii ya afyuni, yaani dawa kali za maumivu kama mofini, na hapo ndipo uzito wake ulipo. Mshipa wa fahamu hupeleka taarifa ya maumivu kwa njia ya umeme, na umeme huo huzaliwa pale sodiamu inapoingia kupitia vijilango vilivyo kwenye utando wa mshipa. Vijilango hivyo ni vya aina tisa. Lidokaini huvifunga bila kuchagua, ndiyo maana ganzi ya daktari wa meno huondoa maumivu pamoja na hisia zote za mdomo, na ndiyo maana dozi kubwa ikiingia kwenye damu huweza kuvuruga moyo na ubongo. Suzetrijini hulenga kijilango kimoja, NaV1.8, ambacho kwa sehemu kubwa kiko kwenye mishipa ya maumivu iliyo nje ya ubongo. Kwa kuwa haifanyi kazi ndani ya ubongo, haipunguzi pumzi kama mofini, na majaribio hayakuonyesha dalili ya kumjengea mtu uraibu.

Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwaka 2006 watafiti walieleza kuhusu familia kutoka kaskazini mwa Pakistani ambazo baadhi ya watoto wao walizaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu kabisa, kwa sababu ya hitilafu kwenye kijilango jirani, NaV1.7. Kampuni nyingi zilikimbilia kutafuta dawa ya kukifunga, na moja baada ya nyingine zilikwama dawa ilipofika kwa wagonjwa. Kwa hiyo waliofanikiwa na NaV1.8 wanastahili heshima yao.

Lakini tuyasome matokeo yenyewe. Suzetrijini ilijaribiwa katika tafiti mbili kubwa zenye wagonjwa zaidi ya 2,000 kwa jumla: kundi moja lilifanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo, jingine wa kunyoosha kidole gumba cha mguu. Ndani ya saa 48 ilikishinda kidonge kisicho na dawa. Haikuushinda mchanganyiko wa kawaida wa haidrokodoni, ambayo ni afyuni, na parasetamoli. Bei iliyotangazwa ni dola 15.50 kwa kidonge kimoja cha miligramu 50, na mgonjwa anahitaji viwili kwa siku baada ya dozi ya kwanza. Ni dawa nzuri kwa mtu asiyeweza kutumia nyingine. Kuiita mwisho wa maumivu ya upasuaji ni kuipa mzigo ambao takwimu zake hazijaubeba.

Wakati huohuo kuna utafiti ambao haukupata hata robo ya shangwe ile, nao ungeweza kubadilisha maandishi ya daktari kesho asubuhi. Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye wagonjwa 6,607, uliouliza swali dogo: mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani baada ya upasuaji mdogo au wa wastani, je, kumwandikia dawa ya jamii ya afyuni kunampunguzia maumivu kuliko dawa za kawaida? Jibu lilikuwa hapana. Maumivu ya siku ya kwanza yalikuwa yaleyale, na waliopewa afyuni walitapika zaidi na kupata madhara mengine zaidi. Ukiweka jibu hilo karibu na utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, uliokuta kwamba takribani asilimia 6 ya watu ambao hawakuwa wakitumia afyuni kabla ya upasuaji walikuwa bado wanazichukua miezi mitatu hadi sita baadaye, na kwamba kiwango kilikaribiana kwa upasuaji mdogo na mkubwa, unaanza kuona hasara kubwa iliyonunuliwa kwa faida ndogo sana.

Sasa, wapo waliosoma matokeo kama haya wakaamua afyuni ifukuzwe hata ndani ya chumba cha upasuaji. Nao walijibiwa na ushahidi. Jaribio la Ufaransa lililoitwa POFA, lililochapishwa 2021, lilichukua usingizi usio na afyuni, unaotegemea dawa ya kutuliza iitwayo deksmedetomidini, likaulinganisha na usingizi wa kawaida wenye remifentanili, ambayo ni afyuni. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu mapigo ya moyo ya baadhi ya wagonjwa yalishuka kwa kiwango cha hatari, na kundi lisilopewa afyuni lilipata upungufu wa oksijeni zaidi na kuchelewa zaidi kuamka. Gabapentini na ndugu zake, dawa zilizoanza kama za kifafa, ambazo kwa miaka zilimiminwa kwa wagonjwa kama njia ya kukwepa afyuni, zilipimwa katika uchambuzi wa 2020 uliojumuisha majaribio 281 na watu karibu 25,000. Nafuu iliyopatikana ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa asingeihisi, na kizunguzungu kiliongezeka.

Kilichobaki kimesimama baada ya vumbi hilo ni kitu ambacho Henrik Kehlet, daktari mpasuaji wa Denmark, amekihubiri tangu miaka ya 1990: parasetamoli na dawa ya kupunguza uvimbe kama ibuprofeni, zikitolewa kwa saa maalumu bila kusubiri mgonjwa alie, ganzi ya eneo lililopasuliwa, na afyuni kidogo ikiwekwa akiba kwa maumivu yanayovuka hapo. Ibuprofeni ina watu wasiopaswa kupewa, wenye figo dhaifu au vidonda vya tumbo, na hilo linahitaji daktari anayesoma faili. Zaidi ya hapo hakuna siri. Vidonge hivi viwili ni vya bei rahisi kuliko karibu kila kitu kingine kilichotumika siku ile ya upasuaji, na bado katika wodi nyingi vinaandikwa "akihitaji", maneno mawili yanayomwachia mgonjwa aliyetoka kupasuliwa jukumu la kusimamia matibabu yake mwenyewe.

Tabia ya kufikiri kwamba vita huamuliwa ndani ya chumba cha upasuaji imepata pigo jingine kutoka kwa wazee waliovunjika nyonga. Kwa miongo kadhaa wataalamu wengi, wakiwamo ninaowaheshimu sana, waliamini sindano ya mgongo ni salama zaidi kwa wazee hawa kuliko usingizi kamili: itawaepusha na kuchanganyikiwa, watatembea mapema, watakufa wachache. Jaribio la REGAIN la mwaka 2021, lenye wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada, lilihesabu siku 60 baadaye waliokufa au walioshindwa kutembea bila msaada wa mtu. Kwa sindano ya mgongo walikuwa asilimia 18.5, kwa usingizi kamili asilimia 18.0. Jaribio la China lenye wagonjwa 950 liliangalia kuchanganyikiwa peke yake, nalo halikuona tofauti ya maana. Kisha watafiti wa REGAIN wakarudi kwenye suala la maumivu, na wakakuta waliochomwa sindano ya mgongo waliripoti maumivu makali zaidi katika saa 24 za kwanza. Tafsiri yangu ni kwamba ganzi iliisha kabla ya kupangwa cha kufuata.

Mimi sisomi matokeo haya kama kushindwa kwa sindano ya mgongo. Mgonjwa anayeitaka na apewe. Ninachokisoma ni kwamba ubora wa kazi ya mtaalamu wa usingizi umepanda kote kote hadi njia mbili tofauti kabisa zinamfikisha mzee mahali palepale, na kinachoamua kama atatembea tena kiko kwenye siku zinazofuata.

Ila kuna jambo moja ndani ya chumba hicho ambalo bado linanikosesha raha, na linahusu nani anaaminika. Ripoti kubwa ya Uingereza na Ireland ya mwaka 2014, NAP5, ilikuta kwamba mgonjwa 1 kati ya takribani 19,000 huja kuripoti kuwa alizinduka akiwa chini ya usingizi. Kwa upasuaji wa kujifungua chini ya usingizi kamili ilikuwa 1 kati ya 670. Hao ni wanaokumbuka na kusema. Watafiti wengine walitumia njia tofauti: kabla ya kumpa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli, walifunga mkono mmoja kwa mkanda wa presha ili dawa isiufikie, kisha baada ya kuingiza mrija wa hewa wakamwambia mgonjwa abane mkono ule. Katika utafiti uliochapishwa 2023 kuhusu watu wa umri wa miaka 18 hadi 40, asilimia 11 walibana. Wanawake walibana mara nyingi zaidi ya wanaume. Karibu wote hawakukumbuka chochote baadaye, na najua wapo watakaosema asiyekumbuka hajaumia. Siikubali hoja hiyo. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kuendeleza dawa ya usingizi bila kukatisha, kati ya kumlaza mgonjwa na kuingiza mrija, kulipunguza uwezekano huo. Kama dawa ipo mkononi na pengo ni la dakika chache, sababu ya kuliacha wazi siioni.

Upande wa wanaojifungua kwa upasuaji wakiwa macho, hali ni ya wazi zaidi kwa sababu mama anaweza kusema. Kwa muda mrefu alitulizwa kwa maneno kwamba anachokihisi ni "kuvutwa tu". Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza wa mwaka 2022 ulisema kinyume: ganzi ipimwe kwa mguso mwepesi hadi usawa wa kifua kabla ya kisu, kipimo cha ubaridi peke yake hakitoshi, mama akisema anaumwa aaminiwe, upasuaji usimame inapowezekana, na apewe nafasi ya kulazwa usingizi kamili. Hakuna hata sentensi moja hapo inayohitaji mashine mpya.

Historia ya fani hii imejaa watu walioambiwa hawaumwi. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli na gesi hafifu, kwa imani kwamba mishipa yao haijakomaa kuhisi. Mwaka 1987 K.J.S. Anand na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa fentanili, afyuni kali, wakati wa upasuaji karibu na moyo walikuwa na homoni chache za mshtuko na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko ambao hawakupewa. Miaka 29 baadaye, utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia ulikuta kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana wazungu walioulizwa walikubali angalau dai moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi, na waliokubali madai hayo walikadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Hao ndio wanaoandika dozi.

Turudi wodini, kwa sababu ni rahisi kuwalaumu wauguzi na si haki. Muuguzi anayesita kutoa mofini usiku ana sababu. Utafiti wa PRODIGY wa mwaka 2020 uliwafungia vifaa vya kupima pumzi na oksijeni mfululizo wagonjwa 1,335 wa wodi za kawaida waliokuwa wakipewa afyuni, nchini Marekani, Ulaya na Asia. Asilimia 46 walipata angalau kipindi kimoja cha kudhoofika kwa pumzi. Bila kifaa, muuguzi anayepita kila baada ya saa nne asingekiona. Na kifaa chenyewe cha kidoleni, ambacho msingi wake uliwekwa na Takuo Aoyagi wa Japani mwaka 1974 na ambacho kimeokoa maisha mengi mno, kina kasoro inayohusu rangi ya ngozi: utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa wazungu. Kipimo cha oksijeni cha asilimia 94 kwenye ngozi nyeusi isichukuliwe kuwa amani. Mtu ahesabu pumzi na kuangalia kama mgonjwa anaamshika.

Utafiti mkubwa wa Afrika, ASOS, uliochapishwa 2018, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25. Zaidi ya vifo 9 kati ya 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Jaribio lililofuata likaja na wazo ambalo lilionekana halina mjadala: wagonjwa walio hatarini wafuatiliwe kwa karibu zaidi wodini. Vifo havikupungua. Nimelifikiria sana jaribio hilo. Tafsiri yangu ni kwamba kumwambia muuguzi yuleyule, mwenye vitanda vilevile, aangalie zaidi, ni kumwongezea agizo bila kumwongezea mkono. Anayetaka wodi iwe salama atalazimika kulipia watu.

Na atalazimika kulipia dawa. Tume ya The Lancet ya mwaka 2017 ilihesabu tani 298.5 za afyuni za matibabu, zikipimwa kama mofini, zinazosambazwa duniani kwa mwaka. Nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Tume hiyo ilikadiria kwamba kuziba pengo lote la mofini, kwa bei za chini zilizopo, kungegharimu dola milioni 145 kwa mwaka. Mjadala wa kimataifa kuhusu afyuni unaendeshwa na nchi zilizoumizwa na wingi wake, na sheria zinazotungwa kwa hofu hiyo huwafikia wagonjwa ambao hawajawahi kuiona chupa ya mofini. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Lakini mtu aliyekatwa mguu akapewa parasetamoli peke yake hasaidiki kwa kuambiwa kwamba mahali pengine watu waliandikiwa vidonge kupita kiasi.

Kuna onyo moja kwa wanaodai, kama mimi, kwamba mgonjwa aulizwe zaidi. Kuanzia miaka ya 1990 Marekani ilifanya kampeni ya kuyahesabu maumivu kuwa kipimo cha tano, sambamba na joto, mapigo, pumzi na presha. Kila mgonjwa aliulizwa namba kutoka 0 hadi 10, na namba kubwa ilijibiwa kwa dawa zaidi. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliomba kampeni hiyo iachwe. Kosa halikuwa kuuliza. Kosa lilikuwa kuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa na njia moja tu ya kutokea. Wodi zinazofanya vizuri sasa huuliza kama mgonjwa anaweza kukohoa, kukaa, kusimama, kulala usingizi. Mtu aliyepasuliwa kifua anayesema "saba" huku anakohoa vizuri na anatembea hadi chooni yuko mahali tofauti na anayesema "nne" kwa sababu amelala bila kuthubutu kuvuta pumzi. Huyu wa pili ndiye atakayepata nimonia.

Baada ya wodi kuna kipindi ambacho karibu hakina mwenyewe. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, kwa mara ya kwanza umeyapa maumivu sugu ya baada ya upasuaji nafasi yake: yanayodumu angalau miezi mitatu. Kwa upasuaji wa titi, kifua, ngiri na ukataji wa kiungo, tafiti zimekuwa zikionyesha kwa miaka kwamba si jambo la nadra. Mmoja wa watabiri wake wakubwa ni maumivu makali katika siku za kwanza, yaani siku zilezile za wodi. Hospitali kuu ya Toronto ilianzisha mwaka 2014 huduma inayomshika mgonjwa kabla ya upasuaji na kumfuata baada ya kwenda nyumbani, ikiwa na daktari wa maumivu, mtaalamu wa saikolojia na wa viungo, kwa lengo la kupunguza afyuni polepole na kuyakamata maumivu kabla hayajaota mizizi. Hospitali nyingi hazina uwezo wa timu hiyo yote. Kupiga simu katika mwezi wa tatu zinaweza, na kuandika jibu pia, kisha idara ya upasuaji na ya usingizi zikae pamoja mara moja kwa mwaka kuangalia ni upasuaji upi, na wa mkono wa nani, unawaacha watu wakiumwa. Bila rekodi hiyo, faili litaendelea kusomeka "ameruhusiwa akiwa na hali nzuri" kwa mtu ambaye mwezi wa nne bado hawezi kuvaa shati bila kusaidiwa.